Bodi ipi kwa kompyuta yangu ya kwanza ya gemu: B550, B760 au B650? Nipo Jinja

kijana_wa_walukuba (Jinja)

Habari zenu ndugu zangu. Tangu mwaka jana naweka akiba niunde kompyuta ya gemu kwa mikono yangu. Skrini ninayo, ya 1080p hezi 75. Kadi ya michoro ninayo pia, RX 6600 ya gigabaiti 8. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, na tuliijaribu kwake saa nzima kabla sijatoa hela. Mkononi zimebaki shilingi 2,400,000 za kununua vyote vilivyobaki: prosesa, ubao mama, RAM, diski, pawasaplai na kasha.

Nimekwama kwenye ubao mama. Nimezunguka maduka ya Kampala Road siku mbili, kila muuzaji ananivuta kwake. Njia nilizobaki nazo ni tatu, na bei ni za ubao, prosesa na RAM ya gigabaiti 16 kwa pamoja:

B550 na Ryzen 5 5600, RAM ya DDR4: 1,180,000.
B760 ya DDR4 na Core i5-12400F: 1,290,000.
B650 na Ryzen 5 7600, RAM ya DDR5: 2,050,000.

Muuzaji mmoja aliniambia niache B550 nichukue A520, eti ni kitu kilekile, niokoe 120,000. Sina uhakika naye.

Nacheza zaidi gemu za mpira na za magari, na zile za risasi mtandaoni na wenzangu walioko Mbale. Nataka mashine inifikishe miaka mitano. Naomba mnisaidie kabla sijarudi Kampala Jumamosi.

---

fundi_wandegeya (Kampala)

Karibu ssebo. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Wengi huja kwangu na bodi wameshanunua, halafu ndipo wanauliza prosesa gani inaingia.

Soketi, yaani tundu la prosesa kwenye bodi, ndiyo ya kuangalia kwanza. Mwenye duka akikuuzia bodi, amekuamulia pia prosesa utakazoweza kuweka leo na baadaye. B550 ni soketi ya AM4, ile ambayo Ryzen za kwanza za 2017 zilianza nayo. B760 ni LGA1700 ya Intel. B650 ni AM5, iliyotoka Septemba 2022. Prosesa ya soketi moja haiingii kwenye nyingine hata kidogo.

Nikija kwenye lile la A520: si kitu kilekile, ila tofauti yake si ya kutisha kama watu wanavyoieleza. B550 pamoja na Ryzen 5 5600 inakupa PCIe 4.0 (PCIe ni njia ya kupitishia data ndani ya bodi) kwenye kadi ya michoro na kwenye diski ya kwanza ya NVMe, ile ya kasi inayochomekwa juu ya bodi. A520 inaishia PCIe 3.0. Kadi yako ya RX 6600 inatumia njia 8 tu kati ya 16 za ile sloti ndefu. Kwenye PCIe 3.0 itapoteza kidogo, na utaona zaidi pale gemu inapojaza zile gigabaiti 8 za kadi. Ungekuwa na RX 6500 XT ningekukataza kabisa, maana ile ina njia 4 tu, na kwenye 3.0 inaumia vibaya.

Kinachonifanya niipendelee B550 ni kingine. Tazama pale karibu na soketi, upande wa juu na wa kushoto. Kuna vipande vidogo vyeusi vimepangwa mstari. Hao ndio wanaopokea volti 12 kutoka pawasaplai na kuzishusha hadi volti moja na kitu ambayo prosesa inakula. Kazi hiyo inazaa joto. Bodi nzuri imewavika hitisinki ya chuma, bodi ya bei ya chini imewaacha uchi. Ryzen 5 5600 ni ya wati 65, hata A520 iliyo uchi inaibeba. Lakini umesema miaka mitano. Mwaka wa tatu ukitaka kuweka Ryzen 7 yenye viini (sehemu za prosesa zinazopiga hesabu) 8, na hasa 5700X3D ya wati 105 kama utaibahatisha sokoni, ile bodi iliyo uchi itachemka na prosesa itajipunguza kasi yenyewe. Hizo 120,000 ndizo zinazonunua nafasi hiyo.

Kwa hiyo kwa pesa yako mimi nasema B550, tena ndogo ya mATX yenye sloti nne za RAM. Sloti mbili zinatosha leo, ila ukitaka kufika gigabaiti 32 baadaye hutalazimika kuuza ulizonazo.

Jambo la mwisho, na usilisahau. Uliza bodi hiyo imekaa dukani tangu lini. B550 zilianza kuuzwa katikati ya 2020, na Ryzen 5000 zikatoka Novemba mwaka huohuo. Bodi ya mwanzo yenye BIOS (programu ya kuwashia bodi) ya zamani inaweza kukataa kuwaka na prosesa yako. Tafuta kibandiko kwenye boksi kinachosema iko tayari kwa Ryzen 5000, au chagua bodi yenye kitufe cha kuandika BIOS kwa flashi bila prosesa.

---

kikoni_3 (Kampala)

Namheshimu fundi, ila hapa napingana naye. Mimi ni mwanafunzi Makerere na nimejiundia ya kwangu Januari, B650 na Ryzen 5 7600.

AM4 imefika mwisho wa barabara. Ukishaweka 5700X3D hakuna kingine cha kungoja. AM5 bado inaenda: Ryzen 9000 za Agosti 2024 zinaingia kwenye bodi zilezile za B650 baada ya kuandika BIOS mpya, na AMD wenyewe wametamka kwamba wataishikilia soketi hii hadi 2027 na kuendelea. Kijana anataka miaka mitano. Akinunua B650 leo, mwaka wa tatu anatoa 7600 na kuweka 7800X3D au hata 9800X3D, ubao na RAM vinabaki.

Halafu kuna faida moja ambayo watu hawaitaji. 7600 ina picha yake ndani. Si ya kuchezea gemu, ni ndogo, lakini inawasha skrini. Ryzen 5 5600 haina, i5-12400F haina, hiyo herufi F ndiyo maana yake. Kadi ikifa, mwenye 5600 anakaa na kasha kimya. Mimi kadi yangu ilileta shida mwezi wa pili, dukani wakakaa nayo wiki tano, na wiki hizo zote niliandika kazi zangu za chuo kwenye mashine ileile kwa kebo ya HDMI iliyochomekwa kwenye bodi.

---

fundi_wandegeya (Kampala)

Mdogo wangu, hilo la picha ya ndani ni la kweli na umelisema vizuri. Hasa kwetu hapa, ambapo kifaa chenye waranti kinaweza kurudishwa Dubai kabla hujakiona tena.

Lakini hebu tupige hesabu za huyu kijana. Ana 2,400,000. Akichukua ya tatu anabaki na 350,000. Atanunua diski, pawasaplai na kasha kwa hiyo? Hawezi, labda achukue pawasaplai ya 60,000 ile nyepesi kama boksi tupu. Siku ikilipuka inaondoka na bodi yako mpya ya AM5 na ile RX 6600.

Tena RAM zimepanda sana duniani kote tangu mwishoni mwa 2025, kwa sababu viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye kumbukumbu za seva za akili bandia. DDR4 nazo zimepanda, sikatai. Ila zile DDR4 za mkono wa pili zilizotoka kwenye kompyuta za maofisi bado zinapatikana, na ukizijaribu vizuri hazina neno. DDR5 za mkono wa pili hapa mjini bado ni chache mno.

---

dada_wa_laroo (Gulu)

Nawasoma wote mnabishana soketi, na hakuna aliyeuliza umeme wa Jinja ukoje nyumbani kwa huyu mtoto.

Nawaambia kilichonipata mimi. Mwaka juzi nilinunua bodi ya bei, nzuri, yenye hitisinki kila mahali, kwa ajili yangu na mwanangu. Pesa ya UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, nikaiweka kwenye bodi. Umeme ulikatika jioni kama kawaida, ukarudi baada ya dakika ishirini kwa kishindo, taa za sebuleni ziking'aa kupita kiasi, na kompyuta haikuwaka tena. Fundi aliyeipima aliniambia pawasaplai imeungua na imepitisha madhara hadi kwenye bodi. Waranti ya duka haikuhesabu mambo ya umeme, imeandikwa hivyo nyuma ya risiti. Bodi yote ilikwenda hivyo.

Umeme kuondoka peke yake hauui bodi kirahisi. Unaoua ni ule unaorudi juu ya kiwango, na ule unaopandashuka usiku kucha. Majina ya volti tunayajua, 240, lakini mimi nimepima hapa kwangu nikaona 190 saa moja jioni watu wote wakipika, na 255 usiku wa manane.

Kwa hiyo, mwanangu wa Walukuba, kabla hujachagua bodi toa kwanza pesa ya UPS yenye kusawazisha volti ndani yake. Ya VA 1000 inatosha mashine yako, maana Ryzen 5 5600 na RX 6600 zikicheza gemu kwa pamoja hazifiki wati 300. Hakikisha soketi ya ukutani ina waya wa ardhini wa kweli, mwite fundi wa umeme aipime. Pesa itakayobaki baada ya hapo ndiyo bajeti ya bodi.

Na kingine cha BIOS. Usiiandike BIOS mpya umeme ukiwa wa moja kwa moja ukutani. Ukikatika katikati, bodi inaweza kubaki mfu. Iandike ukiwa kwenye UPS yenye betri iliyojaa.

---

kakoba_gemu (Mbarara)

Niko na i5-12400F kwenye B760 ya DDR4 mwaka wa pili sasa, na sijawahi kujuta. Viini 6, nyuzi 12 (kazi 12 kwa wakati mmoja), sawasawa na 5600. Kwa 1080p na kadi kama RX 6600 hutaona tofauti kati ya hizo mbili, kadi ndiyo inayofika ukomo kwanza. Mwenye kukuambia moja inaipita nyingine mbali kwa kadi hiyo anakudanganya.

LGA1700 imekufa pia kama AM4, tusifichane. Inapokea kizazi cha 12, 13 na 14, halafu Intel wakahamia LGA1851 Oktoba 2024. Ila juu ya 12400F kuna ngazi za kupanda. Ukija kununua kizazi cha 13 au 14 cha mkono wa pili, hasa zile kubwa zenye K, uwe mwangalifu. Zilikuwa na tatizo la volti kupanda na kuziharibu polepole, na dawa yake ilikuja kwa BIOS za kuanzia Agosti 2024. Prosesa iliyoumia kabla ya hapo haiponi kwa BIOS. Kizazi cha 12 hakimo kwenye tatizo hilo.

Ukienda njia ya Intel, tazama mambo mawili dukani. La kwanza, B760 zipo za DDR4 na za DDR5, na majina yake yanafanana mno, mara nyingi herufi D4 tu mwishoni ndiyo inayozitenganisha. RAM ya DDR5 haiingii kwenye sloti ya DDR4, pengo lake liko mahali pengine. La pili, wakikuletea H610 badala ya B760 wakisema ni sawa, kataa. H610 haikubali kuiongezea RAM kasi kupita ile ya kawaida ya Intel, na nyingi zina sloti mbili tu.

Kwa bei ulizotaja, tofauti ni 110,000 na faida siioni. Ningekuwa wewe ningeenda B550. Nasema hivi nikiwa na Intel mezani kwangu.

---

msafiri_busia (Busia)

Kuna njia ya nne hamjaitaja. Mimi napita mpaka huu kila wiki. Luthuli Avenue pale Nairobi kuna bodi nyingi kuliko Kampala, na basi la usiku linakufikisha asubuhi. Bei wakati mwingine ni nafuu, ila weka nauli, kulala, na kodi utakayolipa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, unapoingia. Tangaza mzigo wako mpakani na ushike risiti. Kwa kitu kimoja kama bodi mara nyingi ile nafuu inayeyuka yote. Kwa vitu vitano pamoja inaanza kuwa na maana. Na ujue bodi ya Nairobi ikileta shida, waranti yake iko Nairobi.

Halafu utaonyeshwa zile seti za Kichina za X99: bodi, prosesa ya Xeon ya seva kama E5-2680 v4 yenye viini 14, na RAM, vyote kwa bei ya kuvutia. Viini 14 vinasikika vizuri masikioni. Lakini ile ni prosesa ya 2016, kiini kimoja kimoja kinakimbia taratibu, gigahezi 3.3 kikijitahidi sana, na gemu nyingi zinategemea kasi ya kiini kimoja. Inakula wati 120. Kwa anayehariri video inaweza kumfaa. Kwa gemu za risasi mtandaoni, 5600 yenye viini 6 inaiacha mbali.

Ukinunua bodi ya mkono wa pili popote pale, nenda na tochi ya simu. Kwenye Intel na AM5 pini ziko ndani ya soketi ya bodi, nyembamba kama nywele. Mulika kwa pembeni kutoka pande mbili: zikiwa sawa zinang'aa kwa mistari iliyonyooka, iliyopinda inajionyesha papo hapo. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa, kwa hiyo hapo mulika prosesa. Uliza pia kama ile bati ya nyuma ya milango ipo. Wengi wanaipoteza, na bila hiyo vumbi na mijusi vinapata mlango wa kuingilia.

---

kijana_wa_walukuba (Jinja)

Mwebale nnyo nyote. Mama wa Laroo umenigusa, kwetu taa za sebuleni hufanya hivyohivyo. Nimekaa na kalamu jana usiku. Nikienda B550 kwa 1,180,000 nabaki na 1,220,000. Diski ya NVMe ya terabaiti moja 280,000, pawasaplai ya wati 550 yenye nembo ya 80 Plus Bronze 270,000, kasha lenye feni tatu 220,000, UPS ya VA 1000 shilingi 380,000. Inabaki 70,000 ya nauli na dharura. Nikienda Intel napungukiwa 40,000. AM5 siifiki bila kuuza kitu.

Maswali mawili yaliyobaki. Bodi nyingi zinasifiwa kwa Etheneti ya gigabiti 2.5 na waifai ndani, zinazidi kama 90,000. Nilipie? Na je, bodi ndogo ya mATX itapungukiwa na nini kulinganisha na ile kubwa?

---

kakoba_gemu (Mbarara)

Etheneti ya 2.5 achana nayo, isipokuwa una mashine mbili nyumbani zinazopeana mafaili makubwa. Intaneti yako haifiki hata gigabiti moja. Waifai ya ndani ni nzuri kama ruta iko chumba kingine na huwezi kuvuta waya. Ikiwa unaweza kuvuta waya, vuta waya, kwa gemu za mtandaoni hakuna kinachoushinda.

mATX itakupunguzia sloti za kadi za ziada, ambazo hutazitumia. Basi.

---

kikoni_3 (Kampala)

Hesabu imenishinda, nakubali. Kama 350,000 ndiyo inayobaki na nyumbani umeme ni wa namna ile, B550 ndiyo yenyewe. Mimi UPS nilipewa na mjomba, nikasahau kuiweka kwenye mahesabu nilipokushauri.

Ila kuhusu picha ya ndani usiache. Tafuta kadi yoyote ya zamani ya 40,000 au 50,000, hata GT 710, uiweke kabatini. Siku RX 6600 ikisumbua utajua kama ni kadi au ni bodi.

---

fundi_wandegeya (Kampala)

Wazo zuri hilo la kadi ya akiba, hata mimi ninayo mezani hapa.

Ya dukani Jumamosi: fungua boksi mbele yao. Angalia soketi, angalia kona za bodi kama zimepinda. Uliza prosesa ni ya boksi au ya trei. 5600 ya boksi inakuja na feni yake, ya trei haina, na feni ni gharama nyingine. Namba ya utambulisho (serial) ya bodi iandikwe kwenye risiti.

Nyumbani: RAM mbili ziweke kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, zifanye kazi kwa pamoja. Waya wa prosesa wa pini 8 kule juu kushoto usiusahau, ni tofauti na ule mnene wa pini 24. Skrini chomeka kwenye kadi, si kwenye bodi. Ikishawaka ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, la sivyo RAM ya 3200 itakimbia 2133 au 2400 na hutajua. Na siku ukitaka kuondoa feni ya AM4, cheza gemu dakika kumi kwanza pesti iliyo kati yake na prosesa ilainike, uizime, uzungushe feni kushoto kulia ndipo uivute. Ukiivuta ikiwa baridi, prosesa inang'oka nayo na pini zinapinda.

---

kijana_wa_walukuba (Jinja)

Narudi na habari, imepita wiki mbili.

Nilichukua B550 ndogo yenye hitisinki pande zote mbili za soketi, sloti nne na kitufe cha BIOS nyuma. Nilifunga mwenyewe Jumapili mchana, mdogo wangu akinishikia tochi. Nilipobonyeza swichi feni zilizunguka, lakini skrini ilibaki nyeusi na taa ndogo nyekundu ikawaka pale palipoandikwa CPU. Nilikaa pale mkeka umejaa skurubu nikisoma tena maneno ya fundi.

Boksi halikuwa na kibandiko. Nilipakua BIOS kwa simu kutoka tovuti ya watengenezaji wa bodi, MSI, nikaihamishia kwenye flashi ya gigabaiti 8 niliyoifomati FAT32, nikabadilisha jina la faili kuwa MSI.ROM kama kitabu cha bodi kilivyoagiza. Nilingoja UPS ijae betri, ndipo nikachomeka flashi kwenye mlango wake na kubonyeza kitufe. Taa yake ilipepesa kwa dakika kadhaa, na hakuna aliyeruhusiwa kupita karibu na waya. Ilipoacha kupepesa niliwasha, na maandishi yakatokea.

RAM sasa iko 3200. Prosesa ikiwa kwenye gemu inacheza kati ya nyuzi joto 65 na 70, milango ya kasha ikiwa imefungwa. Gemu ya magari kwa 1080p haishuki chini ya fremu 75 za skrini yangu.

---

dada_wa_laroo (Gulu)

Hongera sana mwanangu. Na umeme?

---

kijana_wa_walukuba (Jinja)

Umekatika mara tatu tangu siku ile, mama. Ya juzi ilikuwa saa tatu usiku, tuko katikati ya mechi na wenzangu wa Mbale. UPS ililia, ruta nayo nimeichomeka hapohapo, tukamaliza mechi, nikazima taratibu. Fundi wa umeme anakuja Alhamisi kuupima ule waya wa ardhini.

---

msafiri_busia (Busia)

Faili la MSI linaitwa MSI.ROM, sawa. Kwa watakaosoma hapa wakiwa na bodi ya kampuni ya Gigabyte, la kwao liitwe GIGABYTE.bin. Nimeona mtu akihangaika siku nzima kwa sababu ya jina tu.